Chokaa Kiganjani

Daktari Luvsandorj alikutwa amelala chali katikati ya ghala la chanjo, fuvu limebonyea nyuma ya sikio la kushoto, macho wazi. Nje baridi ilikuwa hasi ishirini na sita. Ndani ilikuwa nyuzi nne juu ya sifuri, sawasawa kama kinavyoagiza kitabu cha mwongozo cha Mpango wa Nyika Moja, mradi wa nchi tatu wa kuchanja mifugo. Sheria ya ghala ilikuwa inafuatwa vizuri, ila mwenye ghala ndiye aliyekuwa amekufa.

Inspekta Dulamsuren alisimama mlangoni akiwa na mikono mfukoni. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na tisa, mtoto wa wafugaji, mwenye magoti mabovu na ulimi mkali. Alikuwa ametoka makao makuu ya jimbo, kilomita mia mbili na hamsini, kwenye gari lisilo na kipasha joto, na hasira yake ilikuwa bado haijapata wa kumwangukia.

"Nani kamwona kwanza?"

"Mfagiaji," alijibu Sajenti Tumurkhuu. "Saa mbili asubuhi. Kapiga ukelele, kakimbia, kateguka mguu. Yuko zahanati."

"Kagusa kitu?"

"Anasema hakugusa chochote, hata kitasa."

"Mlango kaufunguaje?"

Sajenti alifikiri. "Basi kitasa kagusa, afande."

Tumurkhuu alikuwa na miaka ishirini na miwili kituoni hapo Tsagaan-Ders. Alikuwa mnene, mpole, na alijua kila hema na kila mbwa katika wilaya nzima. Wakubwa walikuwa wamemsahau kwenye orodha za kupandishwa vyeo, naye alikuwa ameacha kuwakumbusha.

Silaha haikuhitaji kutafutwa. Mtaimbo wa kuvunjia barafu ulikuwa sakafuni karibu na rafu, una damu na nywele. Mtaalamu wa alama za vidole, aliyekuja na Inspekta, aliupuliza unga wake mweusi huku na huku, kisha akatikisa kichwa.

"Aliyeushika alivaa glovu."

"Mwezi wa tatu huu, Mongolia hii, nani asiyevaa glovu?" alisema Dulamsuren. "Muda wa kifo?"

"Jana alasiri. Saa kumi, saa kumi na moja. Daktari wa maiti atasema zaidi."

Kwenye meza ndogo kulikuwa na vikombe viwili vya chai ya maziwa. Vyote vilikuwa vimejaa na vimeota utando. Kwa hiyo mgeni alikuwa amekaribishwa. Hakukuwa na kufuli lililovunjwa wala sanduku lililofunguliwa.

Inspekta alipiga magoti kwa taabu kando ya marehemu. Mkono wa kushoto ulikuwa na glovu. Wa kulia ulikuwa mtupu, na glovu yake ilikuwa imelazwa kifuani, imenyooshwa vizuri, vidole juu.

"Kaivua aandike kitu?" aliuliza Tumurkhuu.

"Mtu aliyepigwa hivi haandiki, Sajenti. Haoni hata nyota."

Ghala lilikuwa jembamba. Mtaalamu alitaka kupita na kamera yake, Tumurkhuu akarudi nyuma kumpisha, akamkanyaga Inspekta kidole gumba cha mguu kwa uzito wake wote.

"Samahani, afande." Alikuwa tayari amevua glovu na kunyoosha mkono. Dulamsuren naye alikuwa tayari amevua yake. Wakapeana mkono bila hata kutazamana, jambo ambalo watu wa nyika hulifanya mara kumi kwa siku, dukani, kwenye foleni, harusini, hata katikati ya ugomvi. Ukimkanyaga mtu bila kumpa mkono, umemtangazia uadui. Mtoto hufundishwa hilo kabla ya kufundishwa kuhesabu.

Inspekta hakuuachia mkono wa sajenti.

"Afande, mkono wangu."

"Tazama buti lake la kulia."

Juu ya buti la sufu la marehemu palikuwa na alama nyeupe, nusu ya soli ya mtu, wazi kabisa.

"Sasa tazama kiganja chake."

Kiganja cha kulia cha Daktari Luvsandorj kilikuwa na unga mweupe uliosambaa mpaka kati ya vidole. Tumurkhuu aliinama akanusa.

"Chokaa," alisema. Kisha akasimama taratibu. "Hapana, afande. Watu wa kwetu hawagusi maiti ovyo. Nani atampa mkono maiti?"

"Aliyemkanyaga. Kampiga, kageuka atoke, nafasi ni hii unayoiona, kamkanyaga mguu. Glovu yake ikavuliwa, glovu ya marehemu ikavuliwa, mkono ukatolewa. Hakufikiri. Wewe hapa ulifikiri?"

"Sikufikiri."

"Kisha akaona alichofanya. Kailaza glovu kifuani, kaondoka." Dulamsuren aliinuka akishika rafu. "Nani ana chokaa mikononi mji huu?"

"Chokaa ya kuua vijidudu iko kwenye vizuizi vya barabara, afande. Tangu ugonjwa wa mifugo."

Simu ya Inspekta ililia kabla hajauliza swali la pili. Alikuwa mkuu wake wa makao makuu.

"Nimesikia mmeshamkamata Mrusi," alisema mkuu. "Kazi nzuri."

Dulamsuren alimtazama Tumurkhuu. Tumurkhuu alitazama dari.

"Sijamkamata mtu, mkuu."

"Sajenti wako kamkamata. Fundi wa majokofu. Jana mchana kagombana na marehemu, mji mzima umesikia, na alikutwa amelewa. Una Mrusi, una ugomvi, una chupa. Unataka nini tena?"

"Nataka aliyeua."

"Dulamsuren, Ijumaa ujumbe wa wafadhili na wa nchi zote tatu unakuja hapo kukagua mradi. Leo ni Jumatano. Nataka jalada limefungwa kesho jioni. Atafungwa miaka kumi na mitano, sisi na yeye hatutaonana tena."

Simu ikakatwa. Inspekta aliirudisha mfukoni.

"Ulipanga kuniambia lini?" alimwuliza sajenti.

"Nilikuwa natafuta upenyo, afande. Ulikuwa na hasira."

"Sasa ndiyo ninayo."

*

Gennadi, ambaye kila mtu alimwita Gena, alikuwa ameketi mahabusu na blanketi mabegani. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, ndevu za mvi, na macho mekundu ya mtu aliyelia na kunywa kwa zamu. Mpango wa Nyika Moja ulimwajiri kutoka ng'ambo ya kaskazini kutunza majokofu ya wilaya nne za mpakani. Alikuwa ameishi hapo miaka sita, akila maandazi ya nyama na kutukana barabara kama mwenyeji.

"Mikono," alisema Dulamsuren.

Gena aliinyoosha. Ilikuwa myeusi kwa grisi mpaka viwiko, grisi ya siku nyingi iliyoingia kwenye kucha.

"Hii huwa inatoka?"

"Haitoki. Mke wangu aliniacha kwa ajili ya mikono hii."

"Mligombania nini jana?"

Gena aliificha mikono chini ya blanketi.

"Gena, wakubwa wangu wanataka uoze gerezani kabla ya Ijumaa. Mimi ndiye ninayesimama kati yako na wao, na magoti yananiuma. Sema haraka."

"Alikuwa rafiki yangu," alisema Gena.

"Marafiki ndio wanaogombana. Kuhusu nini?"

"Kuhusu Novemba." Alijifuta pua kwa blanketi. "Chanjo ya ugonjwa wa miguu na midomo. Ile ya msimu mkubwa. Ilikuja kwa lori mpaka mpakani, ikasimama siku tisa."

"Kwa nini?"

"Sherehe. Nchi tatu zilitaka kukata utepe siku moja, saa moja, kwenye mipaka mitatu, televisheni zote. Waziri wa upande mmoja akapata mafua. Wakasubiri apone. Lori likaishiwa mafuta, kipasha joto kikazima. Mimi ndiye niliyesoma kifaa cha kumbukumbu ndani ya masanduku. Hasi kumi na tisa, siku tisa." Alinyanyua macho. "Chanjo ile ikiganda imekufa, mama. Unadunga maji."

Dulamsuren aliacha kuandika.

"Luvsandorj alijua?"

"Nilimwonyesha mwenyewe. Nikamwambia usidunge. Kadunga. Wilaya nzima, kichwa kwa kichwa. Halafu Januari swala wakavuka na ugonjwa."

Hakuhitaji kueleza Januari. Dulamsuren alikuwa ameona moshi wa mashimo ya kuchomea mifugo kutoka barabara kuu, wiki mbili mfululizo. Kaya thelathini na moja za kitongoji cha mpakani zilibaki na farasi na mbwa. Ripoti ya Mpango iliandika kwamba mlipuko ulidhibitiwa kwa mafanikio kutokana na ushirikiano mzuri wa kuvuka mipaka.

"Jana nilimwambia nimechoka," Gena aliendelea. "Ijumaa wakija, nitasema mbele yao wote. Akanipigia magoti. Mtu mzima, daktari. Akasema, 'Subiri mpaka Jumatatu, orodha isainiwe.' Orodha gani, hakusema. Nikamtukana. Nikaenda kunywa."

"Mbali na yeye, ulimwambia nani habari ya chanjo?"

"Hakuna."

"Gena."

"Hakuna mtu, mama."

"Mtu anayelewa mchana hana siri. Ulipotoka kwa Luvsandorj ulipita wapi?"

Gena alikunja blanketi kifuani. Alifumba macho, na ilionekana jibu lilikuwa linamjia sasa hivi, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza kulisikia.

"Kizuizini," alisema polepole. "Kizuizi cha kaskazini. Yule bwana alinipa chai. Alikuwa ananisikiliza. Hakuna mtu aliyekuwa amenisikiliza siku nyingi."

*

Dulamsuren hakwenda kizuizini moja kwa moja. Alipitia ofisini kwa marehemu, kwa sababu kulikuwa na jambo lililomkera. Daktari wa mifugo mwenye akili timamu hadungi maji mifugo elfu kumi na tatu. Mwizi angeweza, au mwoga. Luvsandorj alikuwa na viatu vilivyotiwa viraka, na aliishi chumba kimoja nyuma ya zahanati, basi wizi ulikuwa umemfaidisha nini?

Tumurkhuu alifungua droo ya chini kwa kisu. Ndani kulikuwa na faili moja.

Barua ya kwanza ilikuwa ya Novemba, siku ile ile aliyopokea masanduku. Luvsandorj aliandika kwamba chanjo imeganda, haifai, aletewe nyingine. Ya pili ilikuwa ya wiki moja baadaye, na ya tatu siku nne baada ya hiyo. Ya tatu ilikuwa fupi na haikuwa na adabu. Jibu lilikuwa moja kwa zote tatu, kurasa mbili, lugha nne. Mpango unamshukuru kwa taarifa yake. Shehena mpya inahitaji kikao cha pamoja cha nchi wanachama, ambacho kimepangwa Aprili. Kwa sasa aendelee na kampeni kwa mujibu wa ratiba iliyozinduliwa. Chini yake kulikuwa na sahihi kumi na moja.

"Walimwambia adunge," alisema Tumurkhuu.

"Hawakumwambia adunge. Soma vizuri. Wamemwambia aendelee na ratiba. Watu wa namna hii hawasemi neno unaloweza kuwashika nalo."

Karatasi ya mwisho ilikuwa orodha. Majina ya wakuu wa kaya, thelathini na moja, na mbele ya kila jina idadi ya kondoo majike, arobaini arobaini, wa kuanzia upya. Kondoo wangefika Mei. Juu ya orodha kulikuwa na sharti, limepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu: kaya zitakazothibitishwa kuwa mifugo yake yote ilichanjwa katika kampeni ya Novemba ndizo pekee zitakazofidiwa mifugo. Chini palikuwa na nafasi ya sahihi ya mratibu wa wilaya, yaani Luvsandorj mwenyewe, tupu. Mwisho wa kupokea ni Jumatatu.

Dulamsuren aliketi kwenye kiti cha marehemu.

Alijua sasa. Chanjo nzuri isingekuja. Ugonjwa ungekuja. Asipodunga, watu wangepoteza kila kitu na wasipate hata kwato. Akidunga, hata kama ni maji, majina yao yangeingia kwenye orodha. Luvsandorj alikuwa amechagua kudanganya wilaya nzima ili Mpango uliowaletea maji ulazimike kuwaletea kondoo. Na asingeweza kumwambia mtu, maana neno moja likivuja, orodha yote ingekuwa batili.

"Tangu wahesabiwe, kitongoji kizima kinangoja kondoo wa fidia. Dada yangu ni namba kumi na saba," alisema Tumurkhuu. Alikuwa ameweka kidole juu ya jina na hakukiondoa.

Inspekta alichukua simu ya ofisi akapiga namba ya ofisi ya kanda ya Mpango. Sauti ya mwanamke ilimpokea, laini, yenye kusikitika kwa ufasaha. Alitoa pole kwa msiba.

"Naibu wake anaweza kusaini orodha ya kondoo?" aliuliza Dulamsuren.

"Hilo limeshapita, Inspekta. Asubuhi hii utaratibu wa usalama umeanza kufanya kazi. Mtumishi akiuawa kazini, shughuli zote za wilaya husika husitishwa, na mgao wake huhamishiwa wilaya nyingine kabla mwaka wa fedha haujafungwa."

"Husitishwa mpaka lini?"

"Mpaka tathmini mpya. Kwa kawaida ni miezi kumi na minane."

"Watu hawa hawana hata mbuzi wa kukamua."

"Tunaelewa kabisa maumivu yenu," ilisema sauti ile, na haikuwa inadanganya. Huo ndio ubaya wake. Ilikuwa inaelewa, na ilikuwa na mkutano mwingine saa nane.

*

Kizuizi cha kaskazini kilikuwa gogo lenye rangi nyekundu, kibanda cha mbao, na tabaka la chokaa barabarani kwa hatua ishirini. Mtu mrefu aliyevaa joho la kijivu alikuwa akitandaza chokaa mpya kwa koleo. Alipoliona gari la polisi alichomeka koleo ardhini, akashusha mikunjo ya mikono ya joho lake kama mtu anayepokea wageni wa heshima, akasubiri.

"Huyo ni Choijiljav," alisema Tumurkhuu kwa sauti ya chini. "Alikuwa mwenyekiti wa kitongoji cha mpakani. Mpango ulimpa kazi hii baada ya Januari. Afande, huyu ni mtu mzuri."

"Najua. Mtu mbaya angeondoka bila kutoa mkono."

Waliingia kibandani. Palikuwa na jiko, birika, na benchi mbili. Choijiljav aliwamiminia chai kwanza, maana hata polisi ni wageni.

"Mmesafiri salama, dada?"

"Salama. Jana saa kumi ulikuwa wapi, kaka?"

"Hapa."

"Naomba nione buti lako la kulia. Soli."

Alilivua bila kuuliza. Dulamsuren alitoa picha ya alama iliyopigwa ghalani asubuhi, akaiweka kando ya soli. Kisigino kilichoshonwa kwa uzi wa ngozi kilikuwa kile kile. Choijiljav aliitazama picha kwa muda, na alipoona ni mguu wa nani uliokanyagwa, alikiweka kikombe chini.

"Nilijua nimemkanyaga," alisema. "Nilitumaini nimeota."

"Si lazima useme kitu. Chochote utakachosema kitaandikwa na kinaweza kutumika dhidi yako mahakamani."

"Andika."

Tumurkhuu alifungua daftari.

"Gena alikuambia nini?"

"Kwamba tulidungiwa maji. Na kwamba daktari alijua tangu siku ya kwanza." Sauti yake ilikuwa tulivu. "Dada, mimi ndiye niliyezunguka na pikipiki kuwashawishi watu. Hema kwa hema. Nusu yao hawakutaka. Walisema, hao watu wa semina wanakuja na kalamu na kofia, wanakula kondoo wetu, wanaondoka. Nikasema, anzeni na wangu. Mia nne na kumi na wawili, wakadungwa mbele ya macho yao. Ndipo wakakubali."

"Endelea."

"Januari walikuja wenye mavazi meupe na bunduki. Mifugo ilikuwa inawakimbia. Basi wakatuomba sisi tuwashikie. Tukawashika wenyewe, mmoja mmoja, kwa sababu walikuwa wametuzoea. Siku mbili. Kondoo akiniona mimi alikuwa anatulia." Alisogeza birika katikati ya jiko. "Tangu hapo nikifika kwenye hema la mtu, hakuna anayetoka kunizuilia mbwa kama afanyiwavyo mgeni yeyote. Sikuwalaumu. Nilijiambia, ni ugonjwa, ni bahati mbaya, chanjo nayo hushindwa. Nilishikilia hilo miezi miwili. Ndilo lililokuwa linanilaza."

"Halafu Gena."

"Halafu Gena. Nikaenda ghalani. Tulisoma naye bweni moja, mimi na Luvsandorj, vitanda vya juu na chini. Akafurahi kuniona. Akamimina chai. Nikamwuliza, ulijua? Akasema, 'Nilijua.' Bila hata kupepesa. Kisha akasema, 'Kaa, nikueleze.'"

"Kwa nini hukukaa?"

"Sikutaka kuelezwa." Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Tumeelezwa miaka sita, dada. Kwa picha, kwa chati, kwa lugha nne. Tumepewa vyeti vya kuelezwa. Aligeuka kuvuta benchi, mtaimbo ulikuwa pale mlangoni. Nilimpiga mara moja."

"Na ulipotoka?"

"Nilimkanyaga." Alitazama kiganja chake. "Mkono ulitoka wenyewe. Nilipoushika wake ulikuwa bado wa moto. Ndipo nikajua nimemwua."

Tumurkhuu aliacha kuandika, akajifanya ananoa penseli.

Kazi ilikuwa imekwisha. Mkuu wake angepata jalada siku moja kabla ya muda, Gena angeachiwa, na sheria haikumdai Dulamsuren kitu zaidi. Angeweza kumfunga mtu huyu pingu na kumwacha na hasira yake, maana hasira angalau humsaidia mtu kuvumilia kifungo. Lakini Luvsandorj naye alikuwa na haki yake, na hakubaki mtu mwingine wa kuidai. Akatoa faili ndani ya koti, akaliweka mezani.

"Soma," alisema.

Choijiljav alisoma barua tatu na jibu lake. Alisoma taratibu, akirudia mistari. Alipofika kwenye orodha aliona jina lake juu kabisa, namba moja, kondoo arobaini. Alisoma sharti lenye mstari mwekundu mara mbili. Kisha akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa meza, akakaa hivyo, na birika likaendelea kuchemka mpaka Tumurkhuu akalitoa jikoni.

"Alitaka kunieleza hili," alisema hatimaye.

"Ndiyo."

"Basi ni nani, dada? Kama si yeye, nipe jina moja. Moja tu, niwe nalo huko niendako."

Dulamsuren aligeuza jibu la Mpango, akamwonyesha sahihi kumi na moja. Nyingine hata yeye hakuweza kuzisoma. Hakukuwa na kosa la jinai katika mstari wowote. Alikuwa amefanya kazi hii miaka ishirini na minne, na siku hiyo aliiona ni kazi ya kipuuzi.

"Sina jina la kukupa," alisema.

Choijiljav alikunja orodha vizuri.

"Lakini kondoo watakuja. Namba mbili mpaka thelathini na moja. Wao hawakuua mtu."

Tumurkhuu alitoka nje akasimama kwenye chokaa.

"Hawaji," alisema Inspekta. "Wameshahamishiwa wilaya nyingine."

"Kwa nini?"

Angependa asijibu, lakini mtu yule alikuwa anasubiri jibu kwa uso mtupu kabisa, na ilibidi liwepo.

"Kwa sababu mratibu wa wilaya ameuawa."

Choijiljav alitia sahihi kila ukurasa wa maelezo yake. Alipofungwa pingu aliomba jambo moja. Barabara ya makao makuu ya jimbo inapita katika kitongoji cha mpakani, hema zote ziko kando yake. Je, gari linaweza kusimama? Yeye ndiye aliyewaambia habari ya chanjo, na hii nayo inampasa awaambie mwenyewe.

"Utaratibu hauruhusu," alisema Dulamsuren. Kisha akamwambia Tumurkhuu aendeshe polepole.

Kwenye hema la kwanza mwanamke mzee alitoka kabla gari halijasimama vizuri. Alikuwa amevaa joho la sikukuu lililotupwa mabegani haraka haraka, na alipomwona Choijiljav dirishani, kando ya watu wa serikali, alikuja karibu mbio, akicheka bila meno, akiwaita wajukuu watoke.

"Nilisema mimi," aliwaambia. "Nilisema mwenyekiti wetu hatatutupa. Haya kaka, shuka, shuka utuambie. Kondoo wanafika lini?"

Choijiljav alishuka, mikono mbele.